Mkuu, usilipie mpini

Mkuu, acha! Usimtumie hata senti. Unasema muuzaji wa mnada wa vitu vya kale huko Uholanzi anakuuzia mandau, yaani panga la Wadayak, wenyeji wa kisiwa cha Borneo, anaapa ni ya karne ya 19 kwa kuwa mpini ni wa pembe ya kulungu, na unauliza bei, umri na namna ya kuondoa kutu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, yakanitoa euro 650.

Mpini wangu ulikuwa mzuri kweli. Pembe imeiva rangi ya asali, michongo imelainika kwa kushikwa, vishungi vya nywele bado vinaning'inia. Nikautazama, nikautazama tena. Chuma nilikichungulia tu. Miezi miwili baadaye nikaenda makumbusho kule Leiden, nikasimama mbele ya mandau halisi, nikaishiwa nguvu. Mandau ya Wakayan na Wakenyah, makabila ya Wadayak hao hao, haiko bapa: ubavu mmoja umebinuka, wa pili umebonyea, hata kuna ya mtu wa mkono wa kulia na kuna ya mashoto. Nikarudi nyumbani, nikalaza rula kukingama chuma. Ubavu mmoja ilitakiwa iyumbe, wa pili ioneshe mwanga chini yake. Ikatulia. Nikageuza, ikatulia. Chuma bapa kama panga la kufyekea shamba! Nikanusa pale kinapoingia mpinini, mahali pa utomvu mgumu na henzirani iliyosukwa: gundi ya dukani. Mpini wa mzee, chuma cha juzi.

Yule aliyeniuzia alijua. Muda wote kidole chake kilikuwa juu ya michongo, nisishushe macho. Na mjuaji mmoja niliyemtumia picha akanijibu kwamba mpini ndio kitambulisho. Kitambulisho gani kinachovuliwa na kuvalishwa mwingine? Keris, jambia la Java, mkia wake wa chuma, wanauita pesi, huzungushiwa kitambaa ukachomekwa tu mpinini, kwa hiyo utakuta chuma cha Java kimevaa mpini wa Bali na hakuna aliyeiba. Hata panga za Wamoro wa Ufilipino nazitambua kwa chuma: barong ina umbo la jani, kampilan ni ndefu, ina makali upande mmoja na hupanuka kuelekea nchani. Kichwa cha kasuku na kinywa cha mamba vilivyochongwa mpinini navitazama baadaye.

Chuma kwanza, halafu maungio, mpini mwisho. Sitachoka kulisema hili.

Kesho nenda na rula. Ilaze kukingama pande zote mbili, piga picha usawa wa jicho, piga na maungio kwa karibu, uziweke hapa kabla hujatoa pesa. Akikukataza kugusa chuma, ondoka hapo hapo, hata akishusha bei nusu.