Kampuni kongwe ya simu inaweza kuongoza teknolojia mpya? Swali kutoka Kasulu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina duka la simu hapa Kasulu mjini, huu mwaka wa sita. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ananishawishi nichukue simu za kukunja, zile za kioo kinachokunjika, walau nne, anasema ndiyo habari ya mjini. Mimi roho inasita. Nakumbuka Nokia ilivyotamba, kila nyumba ilikuwa nayo, halafu ikazimika. Sasa Samsung nao ni wakongwe. Kampuni iliyokwisha kulizoea soko inaweza kweli kuongoza kitu kipya, au mwisho wake ni ule ule wa Nokia? Sitaki kufungia mtaji kwenye kitu ambacho mwenyewe atakitelekeza njiani.

JIBU: Dada yangu, inaweza, na kwenye simu za kukunja imeshatokea. Ila umeuliza mambo mawili kwa mpigo, la kampuni na la mtaji wako, na majibu yake hayafanani. Nianze na Nokia, maana hadithi yake wengi huisimulia nusu.

Nokia tunayoikumbuka huku ni 1100, kile kitochi cha 2003 kilichouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mpaka leo droo yangu hapa Mwanga, Kigoma, ina vitufe vyake, na bado wapo wazee wanaovifuata. Kinachosahaulika ni kwamba Nokia ilipanda kileleni kwa kuongoza teknolojia mpya, tena ikiwa tayari kampuni ya miaka mingi. Ilianza 1865 ikiwa kiwanda cha kusaga mbao za karatasi huko Finland. Mbabe wa simu za mkononi kabla ya Nokia kupanda alikuwa Motorola: Martin Cooper wa Motorola ndiye aliyepiga simu ya kwanza ya mkononi, Aprili 1973, na simu yao ya kwanza ya kuuzwa, DynaTAC, ikaingia sokoni miaka kumi hivi baadaye kwa dola 3,995. Hizo zilikuwa za analojia. Kisha ikaja GSM, mfumo wa simu wa kidijitali. Tarehe 1 Julai 1991 Harri Holkeri, aliyekuwa waziri mkuu wa Finland, alipiga simu ya kwanza ya GSM kwenye mtandao uliojengwa kwa mitambo ya Nokia. Motorola ilikuwa bado inavuna vizuri kwenye analojia, ikachelewa kuhama. Nokia ilikuwa inatengeneza mitambo ya mtandao na simu yenyewe, kwa hiyo GSM ilikuta mikono yake imeshazoea kazi. Kufikia 1998 Motorola ilikuwa imepitwa.

Sasa twende 2007, Apple walipoleta iPhone. Watu husema Nokia hawakuwa na tachi. Si kweli. Walitoa 7710 yenye tachi na kijiti chake, na 2005 wakatoa kibao cha intaneti, 770. Wahandisi walikuwepo, na mwisho wa 2007 karibu simu nne katika kila kumi zilizouzwa duniani zilikuwa zao.

Tofauti ilianzia kwenye kioo. Tachi za Nokia za wakati ule zilikuwa za kubonyeza: tabaka mbili nyembamba zenye nafasi katikati, ukibonyeza zinagusana na simu inajua umegusa wapi. Inakubali ukucha, kijiti, hata glavu. Ile ya iPhone inahisi umeme wa kidole kupitia kioo kigumu. Huhitaji kubonyeza, na vidole viwili vinafanya kazi kwa pamoja. Kila moja ina ubaya wake. Mvuvi mmoja wa Katonga aliniletea simu janja akilalamika kwamba usiku ziwani inajipigia yenyewe. Niliiwasha mbele yake, nikachovya vidole kwenye kikombe cha maji nikanyunyizia kioo, namba zikaanza kujiandika. Maji yanapitisha umeme, tachi inayaona kama vidole. Simu ilikuwa nzima kabisa. Nilimwambia ziwani abaki na kitochi, simu janja aiache nchi kavu.

Kwa hiyo ile ya kubonyeza haikuwa ujinga. Nokia 5800 ya 2008 bado ilitoka nayo, na iliuzwa. Kilichowaangusha ni kwamba thamani ya simu ilihama. Zamani mtu alinunua ugumu wa bodi, betri na uwezo wa kukamata mtandao, na hapo Nokia hakuna aliyewagusa. Baada ya 2007 alianza kununua programu zilizomo ndani. Mfumo wao, Symbian, ulikuwa umeundwa kwa vitufe na memori ndogo. Kuulazimisha uende kwa kidole ni sawa na kufunga injini ya lori kwenye mtumbwi. Kuutupa nako kulimaanisha kutupa kilichokuwa kinawalisha. Walisita mpaka 2011 wakakimbilia mfumo wa Microsoft, na Aprili 2014 kitengo chote cha simu kikawa mali ya Microsoft. Nokia yenyewe haikufa, dada. Iko hai kwenye mitambo ya minara, kazi iliyoijua tangu ile siku ya 1991.

Na huku kwetu walichelewa jambo jingine linaloniuma zaidi, maana halikuhitaji uvumbuzi wowote: laini mbili. Watu walikuwa wanatembea na simu mbili, au wanabadili laini kwa kuchokonoa betri barabarani, na simu za Kichina zikawapa nafasi mbili ndani ya kifuniko kimoja. Nokia walitangaza ya kwao ya kwanza 2010. Jina lilikuwa bado linapendwa, ila mteja alishaonja urahisi.

Njoo kwenye za kukunja. Wa kwanza kutangaza simu ya kioo cha kukunjika hakuwa mkongwe. Alikuwa Royole, kampuni changa ya China, mwaka 2018, na simu yao FlexPai. Samsung walifuata 2019 na wakaaibika: simu za majaribio walizowapa waandishi ziliharibika ndani ya siku chache. Wengine walibandua tabaka la juu wakidhani ni protekta, kumbe ni sehemu ya kioo. Nyingine ziliingiwa na uchafu kwenye bawaba. Mauzo yakasogezwa kutoka Aprili hadi Septemba. Kampuni changa ikipata pigo la namna hiyo mara nyingi haiamki. Samsung walirudi, kwa sababu vioo vinatengenezwa na kampuni tanzu yao na pesa ya kuharibia ilikuwepo. 2020 wakaweka kioo chembamba sana badala ya plastiki tupu, 2021 simu ikastahimili maji. Royole ikatangazwa mufilisi 2024. Mwaka huo huo Huawei wakatoa simu ya kukunjwa mara mbili, kwa hiyo usidhani Samsung wanakalia kiti peke yao.

Ndiyo maana sioni kwamba watapita njia ya Nokia kwa sababu ya kukunja. Kitu kipya hiki kimesimama juu ya kioo, na kioo ndiyo kazi yao. Ningeanza kuwahofia siku thamani itakapohamia mahali ambapo wao ni wageni.

Mtaji wako sasa, na hapa sina maneno mengi. Simu ya kukunja ya Samsung ya 2024 ina kiwango cha kinga cha IP48. Hiyo 8 ni maji, inastahimili kuzamishwa. Hiyo 4 ni vitu vigumu, na inazuia vile vyenye ukubwa wa milimita moja kwenda juu. Vumbi jekundu la Kasulu wakati wa kiangazi ni dogo kuliko hapo mara nyingi sana. Mwaka jana mteja aliniletea simu ya kukunja, kampuni siitaji, ina kinundu kidogo kama punje ya mtama pale kwenye mkunjo. Ilikuwa chembe ya mchanga chini ya kioo cha ndani. Wiki iliyofuata mstari mweusi ukashuka kutoka pale. Spea Kigoma nzima sikuipata, na bei niliyotajiwa Dar ingemnunulia simu janja mbili za kawaida.

Usichukue nne. Mteja akitaka, pokea malipo ya awali, agiza moja, na garantii ya muuzaji iwe imeandikwa kwenye risiti. Ikifika, ifungue kidogo kidogo karibu na sikio kabla hujalipa inayobaki. Bawaba nzima inakwenda kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, irudishe na basi lile lile.