Kupokezana zamu si bahati nasibu

Dada, umeuliza kama, katika jaribio la kulinganisha dawa mbili, inatosha kumpa mgonjwa wa kwanza dawa mpya, wa pili ya zamani, na kuendelea hivyo kwa zamu. Haitoshi kabisa. Nesi akishajua zamu ijayo ni ya dawa mpya, atamtanguliza yule aliyedhoofu zaidi, kwa huruma tu, na makundi hayalingani tena. Katika jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu, Uingereza, lililochapishwa 1948, mgao wa nasibu, yaani nani aingie kundi lipi kwa bahati tu, ulifichwa ndani ya bahasha, ikifunguliwa mgonjwa akishakubaliwa. Nawe orodha ya mgao aiandae mtu asiyewapokea wagonjwa, na bahasha zisipenye mwanga. Wakiwa wachache, changanya kwa mafungu ya wanne na sita, kila fungu nusu dawa mpya na nusu ya zamani, bila mpangilio unaotabirika.