Kwa nini nguruwe, na si panya?

Swali: Daktari, naandika mapitio ya tafiti za tiba ya majeraha ya gesi ya haradali. Wengine wametumia sikio la panya, wengine simbilisi asiye na manyoya, wengine nguruwe. Dawa ikipunguza uvimbe kwenye sikio la panya, naweza kuandika kwamba inaponya? – Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, Morogoro

Jibu: Usiandike hivyo. Ila usimlaumu panya peke yake, maana kati ya hao watatu hakuna anayetoka lengelenge kama la binadamu.

Haradali hii, sumu ya vita ambayo kwa kweli ni kimiminika kinachofanana na mafuta wala si gesi, humkaa mtu saa kadhaa bila kumuuma. Kisha ngozi huwa nyekundu, ndipo hutoka malengelenge makubwa ya maji ya manjano, hasa kwapani na kinenani kwenye jasho. (Aliyewahi kumponda nzi wa Nairobi shingoni anaujua ujanja huo wa kuchelewa, ingawa sumu yake ni nyingine kabisa, na mdudu mwenyewe ni mbawakawa.) Kwa wanyama wa maabara, seli za chini za epidemisi (tabaka la juu la ngozi) hufa vilevile na tabaka hilo huachana na demisi (tabaka la ndani), lakini vilengelenge vyake kwa kawaida utaviona kwa darubini tu.

Tofauti kubwa iko kwenye kupona. Unamjua ng'ombe anavyotikisa ngozi nzi akimtua? Panya naye ana msuli wa namna hiyo chini ya ngozi iliyolegea, na akijeruhiwa huvuta kingo za kidonda zikutane. Kidonda kinafungika haraka, nawe unaisifu dawa bure. Ngozi ya nguruwe imeshikamana na kilicho chini yake, ina manyoya machache, na kidonda chake hufunikwa zaidi na seli mpya zinazotambaa kutoka pembeni na kwenye mashina ya nywele, kama chetu. Kasoro zake? Ni ghali, anakua upesi hadi banda linamshinda, na tezi zake za jasho si kama zetu.

Kwa hiyo sikio la panya linafaa kuchuja dawa nyingi kwa saa za mwanzo: uvimbe, uzito wa sikio, seli zilizokufa. Ukitaka kujua kidonda kitafunga baada ya wiki ngapi na kovu litakuwaje, msome nguruwe. Angalia pia kama wanyama walipewa dawa za maumivu, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zenyewe hupunguza uvimbe.

Usifikirie kurudia majaribio hayo chuoni. Haradali imo kwenye Jedwali la 1, orodha ya kemikali zinazodhibitiwa vikali zaidi, la Mkataba wa Silaha za Kemikali, unaotumika tangu 1997, na Tanzania ni mwanachama. Kwa upande wa binadamu, tafuta ripoti za madaktari wa Iran waliowatibu majeruhi wa haradali wa vita vya Iran na Iraq vya 1980–1988, kisha linganisha muda wao wa kupona na ule wa nguruwe.