Re: Nimeanza kozi 4 za Python, sijamaliza hata moja

Habari ndugu. Unauliza kama kuacha njiani kozi 4 za Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) kunamaanisha huna moyo wa tehama, na pia umegusia usalama wa mitandao. Kwanza jikague: umewahi kuandika programu bila video pembeni? Mimi nilikwama hapo hapo. Hamu ilirudi nilipoziweka kozi kando nikaandika skripti (programu fupi) ya kupanga mafaili yangu yaliyozagaa. Ilikuwa mbovu, ikafuta picha kadhaa (ndipo nikajua umuhimu wa nakala rudufu!), lakini ilikuwa yangu. Chagua kero yako moja, ifanyie kazi nusu saa kila siku. Programu ikikataa, anza kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini. Python hutaja kosa lenyewe pale. Usalama wa mitandao sijaufanyia kazi, hapo wenzangu watakujibu.