Mashua ya tanga: futi 19 kwenda 25 ya kuvuta na trela

Ndugu yangu, umeuliza kama uuze ile mashua yako ya tanga ya futi 19 uchukue ya 25 ya kuvuta na trela toka Mtwapa hadi Shimoni, wewe na mama watoto na vijana wawili. Mimi ningeangalia mkuku, ule ubavu mzito wa chini ya chombo, kabla ya vitanda. Huku kwetu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yanapwa zaidi ya mita 3, ukiwa na mkuku usioinuka utakwama mchangani chombo kimelala ubavu mpaka maji yajae tena, na watoto ndani, yaani tafuta wa kuinuliwa basi. Halafu uzito. Mashua aina ya Catalina 22 ni kama tani 1, Catalina 25 inakaribia 2 na hapo hujahesabu trela, injini, maji ya kunywa na vyombo vya jikoni, sasa fikiria gari lako na ule mteremko wa feri Likoni maji yakiwa yamekupwa (mimi ningezunguka kwa barabara ya Dongo Kundu). Aina ya MacGregor 26 za farumi ya maji, yaani maji ndiyo uzito wa kuituliza, unayamwaga ukipakia kwa trela, gari linapumua.

Kabla hujalipa simamisheni mlingoti wewe na mkeo tu, bila fundi, ikiwashinda hiyo achana nayo kabisa manake hamtatoka nayo.

Na safari ya kwanza iwe wakati wa upepo wa kaskazi, Januari hivi, kwenda Shimoni unasukumwa, kurudi ndio utapiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo, kwa hiyo jipe siku ya ziada. Upepo wa kusi wa Juni, ukiwa na watoto usitoke nje ya mwamba, tafadhali.