Maswali yenu: siku ya kwanza kwenye uwanja wa mbio usioujua

Wiki mbili hizi maswali yenu karibu yote yamekuwa juu ya jambo moja: siku za wazi za viwanja vya mbio za pikipiki. Kwa ambao ndiyo kwanza wanasikia, siku ya wazi ni siku ambayo uwanja unafunguliwa kwa waendeshaji wa kawaida. Mnagawiwa makundi kufuatana na uzoefu, mnaingia kwa zamu za dakika 15 au 20, hakuna mshindi wala kikombe. Unguja na Pemba hatuna uwanja wa aina hiyo, kwa hiyo anayetaka lazima asafiri. Na kwa kuwa hakuna nyumba hapa isiyo na ndugu Uarabuni, wengi mmetaja Dubai, na wachache walioko Afrika Kusini wametaja Kyalami.

Shikamoo kaka. Binamu yangu wa Dubai kaniandikisha siku ya wazi mwezi ujao. Mimi nimezowea barabara ya Bububu mpaka Mkokotoni tu. Uwanja sijauona hata kwa picha. Nianzie wapi? (Kijana wa Mwanakwerekwe)

Marahaba. Anza kwa kumuuliza binamu yako ni njia ipi itakayotumika siku hiyo. Dubai Autodrome ilifunguliwa mwaka 2004, na njia yake ndefu ina kilomita 5.39, lakini uwanja umejengwa kwa namna ya kuweza kugawiwa, na siku nyingine hutumika njia fupi. Usije ukakesha unakariri kona ambazo siku yenyewe zimefungwa.

Ukishajua njia, tafuta video iliyopigwa juu ya pikipiki, si ndani ya gari. Gari linafunga breki mahali pengine na linapita kona kwa mstari mwingine, kwa hiyo litakufundisha vibaya. Itazame mara ya kwanza kama mtazamaji tu. Mara ya pili isimamishe kila kona ujiulize mambo matatu: anaanza kufunga breki wapi, anaiinamisha pikipiki wapi, na akitoka anaangalia wapi. Kisha weka simu chini, chukua karatasi, uichore njia nzima kwa kichwa. Pale kalamu inaposita ndipo usipopajua. Rudia mpaka uweze kuichora umekaa barazani huku unazungumza na watu.

Ukifika uwanjani, uliza kama wanaruhusu kuizunguka njia kwa miguu au kwa baiskeli jioni ya kuamkia siku hiyo. Wakiruhusu, usikose. Kwa miguu utaona mambo ambayo video haionyeshi: lami imeinuka wapi, wapi imetiwa kiraka, kona gani imelala upande wa nje badala ya ndani. Utaona pia michirizi myeusi ya mpira wa tairi kabla ya kona, ambako watu hufunga breki. Lakini mingi ni ya magari, basi isome kwa tahadhari.

Chagua alama za kukuongoza, na ziwe vitu visivyohama: kibao cha umbali, kibanda cha msimamizi, mahali ambapo rangi ya ukingo wa njia inaanza. Usichague kivuli. Kivuli cha jengo cha saa mbili asubuhi hutakikuta hapo saa tisa mchana, na wewe utakuwa unakitegemea ukiwa mwendo wa kilomita 180.

Zamu ya kwanza nenda polepole, na nasisitiza polepole, gia moja juu zaidi ya ile unayodhani inatakiwa, ili injini isikushughulishe. Kona unaiona kwa macho kwanza, mkono unafuata. Jipe kona tatu za kujifunza vizuri katika kila zamu, nyengine zipite tu kwa salama. Zipe kipaumbele zile zinazotokea kwenye njia ndefu iliyonyooka, maana ukitoka vibaya hapo unaubeba udhaifu huo njia nzima. Na saa ya kupimia muda iache kwenye begi.

Sisi tunaendesha kushoto, Dubai wanaendesha kulia. Haitanichanganya? (Msomaji wa Chake Chake)

Ndani ya uwanja wote mnakwenda upande mmoja, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchanganya. Angalia zaidi njia inazunguka upande gani. Dubai Autodrome inazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo kona nyingi ni za kulia. Yas Marina ya Abu Dhabi inakwenda kinyume chake.

Hili lina maana kubwa kwa tairi. Ukipita kona za kulia mfululizo, ubavu wa kulia wa tairi unapata moto na unashika lami, lakini ule wa kushoto unapoa. Kona ya kwanza ya kushoto inayofuata ndiyo inayoangusha watu. Pale Sachsenring, Ujerumani, kona 10 ni za kushoto na 3 tu za kulia, na kona ya 11, ya kulia, imewaangusha mpaka mabingwa wa MotoGP, mbio za ubingwa wa dunia za pikipiki. Kwenye mchoro wako, kona ya namna hiyo itie wino mwekundu.

Mimi ni fundi, Wete. Mteja wangu ana Yamaha ya 600, anaivusha Bara kisha anakwenda nayo siku ya wazi Afrika Kusini. Nimkagulie nini cha zaidi ya matengenezo ya kawaida? (Fundi wa Pemba)

Fundi, nimefurahi sana kuona swali lako, kwa sababu pikipiki za visiwani zina adui ambaye vitabu vya mtengenezaji havimtilii mkazo wa kutosha: chumvi na unyevu.

Anza na mafuta ya breki. Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, na hewa yetu maji haina uhaba nayo. DOT 4 mpya (hilo ni daraja la mafuta hayo), kwa kiwango cha chini kinachokubalika, inachemka kwenye nyuzijoto 230. Ikishanywa maji inashuka hadi 155. Hapo Wete mteja wako hataiona tofauti, kwa sababu hafungi breki kali mara kumi kwa dakika mbili. Uwanjani atafunga, breki zitapata moto, mafuta yatachemka, yatatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Atavuta mkono wa breki na utamfika kwenye vidole bila pikipiki kupungua mwendo. Yamwage yote, tia mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, toa hewa mbele na nyuma. Chupa iliyokaa rafuni nusu mwaka imefunguliwa, hata kama imejaa, usiitumie. Na ukikuta kopo limeandikwa DOT 5 tupu, hiyo ni ya silikoni, haichanganywi na hizi, 5.1 ndiyo ya jamii ya DOT 4.

Baada ya hapo vua kalipa (kibano cha breki), zitoe pistoni kidogo uzitazame. Ukiona vitobo vya kutu, hizo si za kusugua kwa msasa zirudi. Bolti za kalipa, za ekseli na za usukani zifungue moja moja, uzisafishe, uzikaze kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti iliyoshikwa na kutu inakudanganya mkononi kwamba imekaza. Cheni itazame pini kwa pini, kisha ipime ulegevu huku mtu wa uzito wa mteja wako amekaa juu.

Maji ya rejeta: viwanja vingi havitaki ile kulanti ya rangi, kwa sababu ikimwagika inateleza kama mafuta na haikauki upesi. Watataka maji matupu. Bolti ya kumwagia oili na kichujio cha oili huenda wakataka vifungwe kwa waya mwembamba ili visilegee. Vioo vivuliwe, taa zizibwe kwa tepu ili zikivunjika vigae visitawanyike njiani. Mwambie mteja aombe masharti ya ukaguzi kwa maandishi kabla hajapanda boti.

Upepo wa tairi niweke ngapi? (Msomaji wa Kiembesamaki)

Namba ya uwanjani ichukue kwa mtengenezaji wa tairi yako, kwa jina na aina ya tairi, usiichukue kwa jirani kwenye maegesho. Kibandiko cha pikipiki nyingi za michezo kinasema psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini hiyo ni ya barabarani. Uwanjani tairi linapata moto mkali, hewa inatanuka, namba inapanda yenyewe, ndiyo maana watu huanzia chini zaidi. Nunua kipimo chako mwenyewe na upime dakika ile ile unayorudi, kabla hata hujavua kofia.

Tazama pia umri. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na lipapase tairi katikati: barabara zetu zilizonyooka zinalila likawa bapa. Tairi bapa ukiliinamisha linapanda ukingo wake kwa mshtuko, na mshtuko huo hutaupenda katikati ya kona.

Assalaam aleykum. Mimi ni mwanamke, navaa hijabu, nimeshapata leseni na nataka kwenda. Kuna tabu yoyote? (Dada wa Fuoni)

Wa aleykum salaam, dada yangu. Hakuna tabu, nenda. Suti ya ngozi inakufunika mwili kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, glavu zinapanda juu ya kifundo cha mkono, buti vivyo hivyo. Kichwani vaa kofia nyembamba ya pamba inayofunika nywele na shingo, ile wanayovaa waendeshaji wote chini ya helmeti. Pini usiweke hata moja. Ukianguka, pini iliyo kati ya kichwa na helmeti inaingia kichwani. Ushungi na baibui vaa ukiwa nje ya njia, uviache boksi (chumba cha pikipiki kando ya njia) kabla ya kupanda. Sote tunajua baibui likiingia kwenye cheni inakuwaje, na hiyo ni mwendo wa mjini tu.

Kama unapendelea mwalimu mwanamke, uliza mapema. Huombi fadhila, ni haki ya mteja.

Nimeona helmeti na suti nzuri za mtumba. Ninunue? (Kijana wa Jang'ombe)

Suti, ndiyo, baada ya kuikagua. Vuta mishono kwa nguvu, kunja ngozi uone kama inapasuka, hakikisha vikinga vya kiwiko, bega na goti vimo. Ikiwa ya vipande viwili, zipu iunganishe kiuno kizima. Kikinga mgongo nunua kipya. Helmeti ya mtumba, hapana kabisa. Povu gumu la ndani likishapondwa mara moja halifanyi kazi tena, na kwa nje huoni kitu.

Niko Johannesburg masomoni, nakwenda Kyalami. Wenzangu wananiambia pikipiki itakosa nguvu. Kweli? (Mwanafunzi kutoka Makunduchi)

Kweli. Kule ni karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Wewe wa pwani nawe utahema upesi. Kyalami ina kilomita 4.5 na kona 16, ina mteremko na mwinuko, na kona kadhaa hutaziona mwisho wake mpaka umeshaingia. Katika hizo, usiongeze mwendo kwa kubahatisha, subiri mpaka uione njia. Ikiwa ni msimu wa joto, weka matumaini yako kwenye zamu za asubuhi, maana mvua za radi za huko hupenda mchana.

Siku yenyewe imeangukia Ramadhani. Niende nimefunga? (Msomaji wa Malindi)

Ahirisha. Ndani ya suti ya ngozi, jua la Ghuba, mtu anatoka jasho vibaya sana, na mwenye kiu anachelewa kuona na kuamua kabla yeye mwenyewe hajahisi kuchoka. Kama lazima iwe mwezi huo, ulizia zamu za usiku baada ya futari. Viwanja kama Yas Marina na Losail ya Qatar vina taa. Losail, kilomita 5.38, imekuwa ikiendesha MotoGP usiku tangu 2008. Kule jihadhari na mchanga: upepo unaupeleka njiani, na nje ya mstari unaopitwa na wengi tairi halishiki.

Bendera nyingi, naogopa kuchanganya. (Msomaji wa Mkoani)

Shika hizi. Njano: kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Nyekundu: zamu imesimamishwa, punguza taratibu bila kukanyaga breki ghafla, rudi ndani. Njano yenye mistari myekundu: njia inateleza, pengine ni oili. Nyeusi ukionyeshwa wewe: ingia ndani. Mirabaraba ya nyeusi na nyeupe: zamu imekwisha. Viwanja hutofautiana kidogo, kwa hiyo kikao cha asubuhi usikikose wala usichelewe. Kwenye mchoro wako wa njia tia nukta pale vibanda vya wasimamizi vilipo, ili macho yajue pa kutazama. Ukitaka kutoka njiani, inua mkono wa kushoto mapema, anayekufuata ajue.

Bima yangu ya pikipiki ni kubwa. Itanitosha? (Msomaji wa Michenzani)

Kwa kawaida bima ya barabara haigusi uwanja wa mbio, na bima nyingi za safari zinautoa mchezo huu kwa jina. Wapigie, waulize, wakujibu kwa maandishi. Ukikodi pikipiki hukohuko, jambo ambalo kwa mara ya kwanza napendelea kuliko kusafirisha yako, soma ni kiasi gani utalipa ukiiangusha na ni amana ngapi wanashika. Kisha ipige picha pande zote mbele ya mwenyewe kabla hujaipanda, mpaka chini ya tangi na ncha za mikono ya breki na klachi.