Kivinjari kinadai intaneti kwenye kompyuta isiyo na intaneti

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa. Maabara yetu ina kompyuta za mezani za msaada. Nyingi zina Windows 7, moja ina XP. Intaneti hakuna. Tunataka kuzitumia kufungulia masomo tuliyopewa kwenye flashi, ambayo ni kurasa za wavuti, lakini Internet Explorer iliyomo inazionyesha vipandevipande. Nilipokwenda Dodoma mjini nilipakua Chrome na Firefox kwenye steshenari moja. Kufika shuleni, nikizifungua zote zinadai intaneti. Nifanyeje? Nauli ya kwenda na kurudi si ndogo.

JIBU: Mwalimu, pole kwa safari. Ulichobeba kutoka mjini ni risiti ya mzigo. Mzigo wenyewe ulibaki stendi. Ukibonyeza kile kitufe kikubwa cha kupakua kwenye tovuti ya Google au ya Mozilla, unapewa programu ndogo yenye kazi moja tu: kuingia mtandaoni na kuvuta kivinjari chenyewe, huku ikichagua toleo linaloifaa mashine iliyopo. Mwenye intaneti hilo halimsumbui. Wewe unahitaji faili kamili la usakinishaji, na utalitambua kwa ukubwa wake: la Firefox ni makumi ya megabaiti, la Chrome siku hizi linapita mia.

Ila hata kama ungebeba faili kamili, ungegonga ukuta wa pili. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Google hawaliweki tena mahali pa wazi pa kupakulia, na tovuti za pembeni zinazoligawa mimi siziamini hata kidogo. Kwa hiyo kwako Chrome iache. Chukua Firefox 115 ESR, toleo la muda mrefu lililotoka Julai 2023. Ndilo la mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1, na Mozilla wamekuwa wakiongeza muda wa kulitilia viraka kwa ajili ya mashine kama zenu.

Kabla ya kupakua chochote, zikague kompyuta hapohapo shuleni, maana kosa la hapa ndilo litakalokurudisha barabarani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha Enter. Tafuta mstari wa System Type. Ukikuta x86, hiyo ni Windows ya biti 32. Ukikuta x64, ni ya biti 64. Faili la biti 64 halifunguki kabisa kwenye mashine ya biti 32, lakini la biti 32 linakubali pande zote mbili. Kama kompyuta zimechanganyika, chukua la biti 32 kwa zote na usihangaike.

Na mjini huenda usiende. Kama simu yako ya Android inashika mtandao wa kueleweka, pakua kwa bando lako. Ukiingia kwenye ukurasa wa kawaida wa Firefox kwa simu utasukumwa kwenye duka la programu za simu, hivyo pitia mlango wa nyuma: fungua ftp.mozilla.org/pub/firefox/releases, shuka hadi toleo la 115 lenye namba kubwa kuliko yote na lenye herufi esr mwishoni, ingia win32, kisha en-US, uchukue faili la exe linaloanza na Firefox Setup. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, chagua kuhamisha mafaili, unakili. Namba za matoleo hapo hazijapangwa kwa ukubwa, kwa hiyo soma taratibu.

Ukilazimika kutumia steshenari, ogopa virusi kuliko gharama. Flashi ikitoka huko inaweza kuwa na mafaili yaliyogeuzwa kuwa njia za mkato, huku yale halisi yamefichwa. Ukiliona faili lako lina kishale kidogo pembeni, usilibonyeze. Halafu lipime. Kwenye kompyuta ya mjini, fungua dirisha jeusi la amri ndani ya folda lilimo faili, uandike certutil -hashfile, jina la faili ndani ya alama za kunukuu, kisha SHA256. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ulioandikwa kwenye faili liitwalo SHA256SUMS ndani ya folda ya toleo hilohilo, kisha uunakili kwenye daftari. Shuleni rudia amri ileile. Mistari ikifanana, faili halikukatika njiani wala halikuchezewa.

Kusakinisha kwenyewe hakuna hadithi: bonyeza mara mbili, fuata maelekezo. Windows ikidai nenosiri la msimamizi ambalo hakuna anayelikumbuka (kompyuta za msaada ndivyo zilivyo), jibu No. Firefox itaendelea kujisakinisha kwa ajili ya mtumiaji huyo peke yake. Faili lilelile litatosha maabara nzima. Ukimaliza, nakili folda ya masomo kwenye diski ya C, bonyeza Ctrl na O, ufungue ukurasa wa kwanza wa masomo. Anwani itakayotokea juu, inayoanza na file:///, ibandike kwenye mipangilio kama ukurasa wa nyumbani. Mwanafunzi akifungua kivinjari atatua moja kwa moja kwenye masomo.

Ile ya XP itabaki nyuma ya wenzake. Firefox yake ya mwisho ni 52.9.0esr ya mwaka 2018, nayo utaipata kwenye mlango ule ule wa nyuma. Baadhi ya kurasa zitaonekana vizuri, nyingine hazitakubali. Siku shule ikipata intaneti, hizo za Windows 7 zianze kwa kusasisha Firefox kabla ya jambo lolote. Hiyo ya XP usiiunganishe kabisa.